Juu ya Watoto Wapoteao: Sababu Zake na Kinga Yake

Somo la kusomwa nyumbani na katika vikundi. Fungu la Biblia: 1 Samweli 2:12–36 na sura ya 3 yote.



Mwezi huu tumeona vema kuandika juu ya jambo ambalo wazee wa kanisa wamelileta mbele yetu mara nyingi, tena kwa huzuni. Nalo ni habari ya watoto na vijana wetu waingiao katika wizi, ulevi, bangi na makundi ya kupiga watu, hali hawajatimiza bado miaka 18.

Zamani tulidhani hayo ni mambo ya miji mikubwa tu. Mwanzoni mwa Januari 2015 watu wengi wa Dar es Salaam walifunga maduka wakakimbilia majumbani kwa hofu ya vijana walioitwa Panya Road, na siku zilizofuata vijana mamia wakakamatwa. Mwaka 2022 jina hilo likasikika tena mjini humo, na damu ikamwagika. Sisi tukaao mlimani tulisikia habari hizo tukatikisa vichwa, tukasema, "Mji umeharibika." Leo hatuwezi kusema hivyo tena. Kuku wetu waibwa, na nyaya za umeme za kanisa zimekatwa, nao waliofanya hivyo ni watoto tuliowabatiza kwa mikono yetu.

Basi, katika somo hili hatutaki kuwalaumu watoto, maana lawama wamekwisha kupata za kutosha. Twataka kuuliza: Mtoto huanza kupotea lini? Watu wengi hujibu, "Siku ile alipokamatwa." Sisi twasema sivyo. Alianza kupotea siku ile alipokosekana mahali pake, na hapana mtu mzima aliyeuliza yuko wapi.

1. Nyumba ya Eli

Eli alikuwa kuhani huko Shilo, wala hatuambiwi kwamba alikuwa mtu mbaya. Lakini wanawe wawili, Hofni na Finehasi, walitwaa nyama ya sadaka kwa nguvu, wakafanya uasherati mlangoni pa hema. Angalieni jinsi Eli alivyopata habari: alizipata kwa watu. Mambo yalitendeka mahali pake pa kazi, naye akaja kuyasikia kwa wengine. Ndipo akawaonya, lakini kwa maneno matupu, nao walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima. Bwana alipomshtaki Eli, hakumshtaki kwamba alinyamaza, bali kwamba hakuwazuia.

Katika nyumba ile ile alikuwamo mtoto mwingine, Samweli, asiye mwana wa Eli. Mama yake alimleta angali mdogo, na kila mwaka akamshonea kanzu ndogo akamletea. Usiku alipoitwa mara tatu, mara tatu aliondoka akamkimbilia mzee, maana alijua mahali alipolala, wala hakuogopa kumwamsha. Mzee naye hakumkemea kwa kumkatiza usingizi, bali alimfundisha jinsi ya kujibu.

Hapo twajifunza mambo mawili. La kwanza, cheo cha baba hakimlindi mtoto. Hata watoto wa mchungaji na wa mwinjilisti waweza kupotea nyumbani kwao. La pili, mtoto asiyezaliwa katika nyumba aweza kulelewa humo hata akawa nabii. Samweli alikuwa na mtu wa kumkimbilia usiku. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

2. Sababu tuzionazo

Sababu ya kwanza ni nyumba tupu. Wazee wetu waligawa vihamba kwa wana wao, na wana kwa wajukuu, hata leo vimekuwa vidogo mno visivyoweza kulisha watu wa nyumba moja. Basi baba huenda mjini au machimboni kutafuta fedha, na mama hushinda sokoni tangu alfajiri. Watoto hubaki na bibi aliyechoka, au hubaki peke yao. Wengine huwafuata wakubwa. Huko Mererani, penye machimbo ya tanzanaiti, palikuwa na watoto walioingizwa katika mashimo membamba ambayo mtu mzima hapiti, hata wakaitwa "nyoka". Mtoto aliyeitwa nyoka, akafanya kazi ya mtu mzima na kushika fedha yake mwenyewe akiwa na miaka 12, atamtii nani tena?

Sababu ya pili ni pombe. Hatusemi mengi hapa, kwa kuwa kila msomaji aijua nyumba ambayo fedha ya daftari hunywewa, na ambayo watoto hulala nje kumkwepa baba arudipo usiku. Mtoto alalaye nje mara ya kwanza hulia. Mara ya kumi hupata wenziwe.

Sababu ya tatu ni kuacha shule. Tangu mwaka 2016 serikali yetu imeondoa ada katika shule zake tangu msingi hata kidato cha nne, nasi twamshukuru Mungu. Lakini sare, viatu, madaftari na chakula bado ni mzigo wa mzazi. Mtoto ambaye kila siku huchekwa kwa sababu ya suruali iliyopasuka, siku moja atageukia njia ya stendi. Huko atabeba mizigo ya abiria na kuokota chupa na vyuma chakavu. Jioni atakuwa na fedha mkononi, wala hatamcheka mtu.

Sababu ya nne ni ukali usio na upendo, pamoja na ndugu yake, upole usio na maonyo. Wengi hudhani haya ni mambo mawili yanayopingana, nasi tumeyaona yakikaa katika nyumba moja: baba hupiga bila kuuliza, na mama huficha kosa ili baba asipige. Katikati yao mtoto hujifunza uongo. Dakta Martin Luther alisimulia mezani pake kwamba utotoni mwake mama yake alimpiga hata damu ikatoka kwa ajili ya kokwa moja tu, na kwamba baba yake alimchapa siku moja hata akamkimbia, naye baba akapata kazi ya kumrudisha moyo wake. Kwa hiyo alifundisha kwamba palipo na fimbo pawe na tofaa karibu yake. Nasi twaongeza: Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso katika sura ya 6, hakuwapa akina baba amri ya kuwatiisha watoto tu, aliwakataza kuwachokoza hata wakakasirika, akawaagiza kuwalea katika mafundisho ya Bwana.

Sababu ya tano ni marafiki. Watu husema kundi baya humharibu mtoto, nayo ni kweli. Lakini yafaa kuuliza kwa nini mtoto hulipenda kundi. Humo hupewa jina. Hupewa sehemu ya mkate ulioibwa. Akiugua, wenziwe hukaa naye, na asipoonekana, humtafuta. Ndugu, tazameni orodha hii. Yote ni mambo ambayo nyumba na usharika vilipaswa kumpa kwanza. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna likizo.

3. Kosa letu wenyewe

Sababu ya sita twaiandika kwa aibu, maana ni yetu sisi wachungaji na wazee.

Miaka kadha iliyopita tulikuwa na kijana mmoja katika darasa la kipaimara. Hakuwa mwepesi wa kusoma, lakini alikuwa msikivu. Katikati ya mwaka akaanza kukosa Jumamosi baada ya Jumamosi. Kanuni yetu ilisema kwamba akosaye mara tatu bila udhuru jina lake lifutwe. Sisi tukalifuta kwa wino mwekundu, tukaona tumelinda heshima ya kipaimara. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwao, ingawa nyumba yao haikuwa mbali na kanisa.

Baada ya miaka miwili tukaitwa na afisa ustawi wa jamii. Kijana yule alikuwa amekamatwa pamoja na wengine wawili kwa kuvunja duka. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki, na baba hakujulikana aliko. Kijana aliulizwa, "Ni nani akujuaye, awezaye kusimama nawe?" Akataja usharika wetu.

Tulirudi nyumbani tukakitafuta kile kitabu, tukaliona jina lake na ule mstari mwekundu juu yake. Ndipo tulipopata habari kwamba zile Jumamosi alizokosa alikuwa akibeba mikungu ya ndizi sokoni, mama akiwa mgonjwa kitandani. Udhuru alikuwa nao; mtu wa kumwuliza hakuwa naye. Eli alisikia kwa watu, nasi tulisikia kwa polisi.

4. Habari za Wichern wa Hamburg

Sasa twataka kuwasimulia habari za mtu wa kanisa letu la Kilutheri aliyeliona jambo hili zamani, ili tusidhani kwamba sisi ni wa kwanza kutaabika.

Johann Hinrich Wichern alizaliwa Hamburg, nchi ya Ujerumani, mwaka 1808. Baba yake alifariki mwaka 1823, naye akiwa mkubwa kati ya ndugu saba ilimpasa kufundisha watoto wa watu wengine apate kuwalisha wadogo zake. Kwa hiyo alijua maana ya nyumba isiyo na baba. Akasoma elimu ya dini Göttingen na Berlin, akarudi Hamburg, na mwaka 1832 akawa mwalimu wa Shule ya Jumapili katika mtaa wa maskini uitwao St. Georg.

Angalieni neno hili: Wichern hakutosheka na kuwafundisha watoto waliofika. Aliwafuata makwao. Akapanda ngazi za giza, akaingia vyumba vyenye unyevu ambamo watu wengi walilala pamoja, akaandika aliyoyaona. Hapo akatambua kwamba saa mbili za Jumapili haziwezi kushindana na siku sita za njaa, ulevi na matusi. Mtoto ahitaji nyumba.

Basi mwaka 1833 akapewa kijumba cha kale kilichoezekwa kwa majani, mahali paitwapo Horn, nje ya mji. Jina lake Rauhes Haus. Akahamia humo pamoja na mama yake na dada yake, na kabla ya mwaka kwisha walikuwamo wavulana 12. Wengine walikuwa wamekwisha kufikishwa mbele ya polisi mara nyingi. Kila aliyeingia aliambiwa kwamba mambo yake yote ya nyuma yamesamehewa, wala hayatatajwa tena. Nyumba haikuzungukwa na ukuta, wala milango haikutiwa makomeo kama ya gereza.

Watoto walipozidi kuwa wengi, hakujenga bweni kubwa. Alijenga nyumba ndogo ndogo, na katika kila nyumba aliweka watoto kama 12 pamoja na kijana Mkristo aliyeitwa ndugu, aliyekula nao, kufanya kazi nao na kusali nao. Walijifunza useremala, ushonaji wa viatu, kilimo cha bustani, na baadaye uchapaji wa vitabu. Wale ndugu nao walifundishwa, wakatumwa mahali pengi kuwa mashemasi wa kuwatumikia maskini. Mwaka 1848, katika mkutano wa kanisa huko Wittenberg, Wichern alisimama akawaambia wakuu wa kanisa kwamba upendo ni wa kanisa sawasawa na imani. Kazi ya Rauhes Haus yaendelea Hamburg hata leo.

Hatusemi kwamba kila usharika ujenge nyumba ya namna hiyo. Twasema kwamba Wichern aliitambua dawa. Mtoto aliyepotea hakuhitaji kwanza kufuli, bali watu wachache wanaolijua jina lake, meza ya kulia, kazi ya mikono, na msamaha unaosemwa kwa kinywa mwanzoni.

5. Sheria ya nchi yasemaje

Wakristo wengi hawaijui sheria, na kwa kutoijua huwaacha watoto peke yao mahakamani. Sheria ya Mtoto ya Tanzania, ya mwaka 2009, yasema kwamba mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Yakataza kumtesa. Imeweka Mahakama ya Watoto, ambamo kesi husikilizwa faraghani, na afisa ustawi wa jamii sharti awepo. Mtoto hawezi kuhukumiwa kifungo cha gerezani. Mahakama yaweza kumwachilia kwa masharti chini ya uangalizi, au kumpeleka shule ya maadilisho kama ile ya Irambo mkoani Mbeya. Tena kwa sheria ya makosa ya jinai, mtoto aliye chini ya miaka 10 hahesabiwi kuwa na hatia.

Basi hakimu akitaka kumwachilia mtoto, huangalia kama yuko mtu wa kumpokea. Hapo ndipo usharika unapotakiwa. Kijana tuliyemtaja aliachiliwa kwa masharti, kwa kuwa mzee mmoja wa kanisa, fundi seremala, alikubali kumpokea nyumbani kwake. Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yalikwenda sawa tangu siku ile. Baada ya miezi minne alitoroka na fedha ya mbao. Fundi alikwenda stendi usiku akamtafuta, akamrudisha, wakala pamoja. Fedha hiyo aliilipa kwa kazi, kidogo kidogo. Sasa apiga randa vizuri. Jina lake tumeliandika upya kitabuni, chini ya ule mstari mwekundu. Mstari wenyewe hatukuufuta, ili utukumbushe.

6. Kinga yake

Kwanza, turudishe meza ya jioni. Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliandika kwamba mafundisho yale ni ya mkuu wa nyumba kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Siku hizi tumemwachia mwinjilisti kazi yote. Kama baba yuko mbali, apige simu saa ya chakula, aulize kila mtoto kwa jina lake. Simu iliyoleta picha chafu mikononi mwa watoto yaweza pia kuileta sauti ya baba.

Pili, kila mzee wa mtaa awe na orodha ya watoto wa mtaa wake, si ya waliotoa ahadi tu. Mtoto akikosekana shuleni, kwaya au darasa mara mbili, mzee aende kwao katika juma lile lile, wala asiende kukemea, aende kuuliza.

Tatu, asifutwe mtoto yeyote katika kipaimara kwa kukosa mchango, shati jeupe au viatu. Na akosaye masomo, kwanza atembelewe.

Nne, mafundi wa usharika, yaani maseremala, washonaji, waashi na mafundi wa pikipiki, wawapokee vijana walioacha shule, mmoja mmoja. Maana ya mmoja mmoja ni kwamba fundi awe kama baba, asiwe bwana wa vibarua wasiolipwa.

Tano, Mkristo asitie mkono kamwe katika kumpiga mwizi, wala asisimame kutazama. Tumeona watu wakimzunguka kijana kwa mawe na matairi, na wengine wao walikuwa wametoka ibadani. Aliyekamatwa apelekwe polisi akiwa hai. Mwana mpotevu wa Luka 15 angalikutana na kundi kama lile kabla hajamfikia baba yake, asingalifika nyumbani.

Sita, tukijua mtoto anateswa nyumbani, tusiseme, "Ni mambo ya ndani." Tumwendee afisa ustawi wa jamii, au tupige namba 116, simu ya kuwasaidia watoto, ambayo ni ya bure.

Neno la mwisho

Wengi wetu wakati wa Majilio huwasha mishumaa minne kanisani, mmoja kila Jumapili. Je, mwajua desturi hii ilianzia wapi? Ilianzia Rauhes Haus. Mwaka 1839 watoto wa Wichern waliuliza mara kwa mara Krismasi itafika lini, ndipo akatwaa gurudumu la mbao akaweka juu yake mishumaa, midogo kwa siku za juma na minne mikubwa kwa Jumapili, ili wahesabu siku wenyewe. Basi taa ile tuipendayo tumeipokea kutoka kwa watoto ambao watu wa mji waliwaita wezi. Tutakapoiwasha tena, tutazame viti vya kanisa, tukaulize ni mtoto gani hayupo, kisha tukamtafute kabla ya Jumapili ya pili.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Eli aliwaonya wanawe. Kwa nini maonyo yake hayakufaa?
2. Samweli alimkimbilia nani usiku? Mtoto wako akipatwa na jambo usiku wa leo, atamkimbilia nani?
3. Taja sababu sita zilizoandikwa hapa. Ni ipi iliyo kubwa katika mtaa wenu?
4. Wichern alifanya nini alipoona Shule ya Jumapili peke yake haitoshi?
5. Katika kitabu cha usharika wenu, ni majina ya watoto gani yamefutwa? Nani atakwenda kwao juma hili?

Bwana Yesu, aliyewaita watoto wadogo waje kwake, atupe moyo wa kutafuta. Amina.